Chuo cha kutwa: wanafunzi hawajali, au mimi ndiye sioni?

Katibu_wa_Viti_Vitupu aliandika:

Wakuu, habari za muda huu. Nina jambo linanikereketa tangu Jumatano, nimeona nilimwage hapa kabla sijalimwagia mtu asiyehusika.

Nipo mwaka wa tatu kwenye chuo cha kutwa. Kuna jengo moja tu la bweni, la wachache wanaotoka mbali kabisa. Sisi wengine tunalala makwetu na kuja asubuhi. Mimi ni katibu wa klabu ya mdahalo. Cheo hicho sikukigombea. Mwaka jana nilichelewa kufika mkutanoni, nikakuta nimeshachaguliwa.

Jumatano tulikuwa na mdahalo. Tuliutangaza wiki tatu nzima: mabango kwenye ubao wa matangazo, ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la kila kozi, na mwenyekiti wetu akazunguka darasa kwa darasa mpaka sauti ikamkauka. Mada tuliichagua makusudi iwe ya kuchokoza: mahudhurio ya lazima darasani yafutwe. Nani asiye na la kusema hapo? Ukumbi tulipewa kuanzia saa kumi na nusu jioni. Nilipanga viti 80 kwa mikono yangu, safu nane za viti kumi kumi, nikavipangusa vumbi kwa fulana yangu ya mazoezi maana kitambaa hakikuwepo.

Walikuja watu 6. Wasemaji wenyewe siwahesabu. Kati ya hao 6, wawili walipitiliza hadi kwenye soketi za ukuta wa nyuma, wakachomeka simu na kuinama. Mmoja alikuwa mdogo wake mwenyekiti. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro, mlinzi alikuja akasimama mlangoni akichezesha funguo. Hakutamka neno, zile funguo zilitosha. Nikaanza kuvirudisha viti ukutani, na nilivitambua vile vilivyokaliwa kwa sababu vilikuwa vimesogea kidogo. Vile 74 vilikuwa palepale nilipoviweka, vimenyooka kama vimepimwa kwa kamba.

Wala si klabu yetu peke yake. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi mwaka huu, nafasi ya rais ilikuwa na mgombea mmoja akapita bila kupingwa, na nafasi ya michezo haikuwa na mgombea kabisa. Sanduku la maoni lililo nje ya maktaba lilifunguliwa mbele ya macho yangu. Ndani mlikuwa na ganda la pipi, risiti iliyofifia, na karatasi moja iliyoandikwa "sanduku hili lihamishwe, linaziba njia". Hayo ndiyo maoni ya muhula mzima, na kusema kweli yana mantiki.

Saa kumi na moja jioni ukisimama ghorofa ya pili ukatazama getini, utadhani kuna msiba mahali. Watu wanatoka kwa ule mwendo wa kukimbia bila kukimbia, vichwa chini, spika masikioni. Nusu saa baadaye hata paka wa maktaba humwoni. Wahadhiri wanatuambia kizazi hiki hakijali kitu. Rafiki yangu anayesoma chuo cha mabweni hunitumia picha za usiku wa manane, watu wamejaa kwenye vimbweta wanabishana siasa, halafu anauliza: "Huko kwenu kuna watu kweli?"

Na hapa niseme na langu. Jumatano hiyohiyo, nikiwa mbele natambulisha mada, jicho langu moja lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Basi langu la mwisho la moja kwa moja huondoka saa kumi na mbili na robo. Msemaji wa tatu alipokuwa anatoa hoja nzuri kuliko zote za siku ile, mimi nilikuwa nahesabu dakika za kutembea hadi kituoni. Mimi, katibu.

Kinachonibana ni hiki. Katiba ya klabu inataka akidi ya watu 25 kwenye mkutano mkuu wa kuchagua viongozi. Tusipoufanya kabla ya muhula kwisha, tunafutwa kwenye orodha ya vyama vya chuo na ukumbi hatuupati tena. Kwa hiyo nauliza: ni kweli sisi wa kutwa hatujali? Na kama si kweli, hao 25 nawatoa wapi?

---

Mpiga_Pasi aliandika:

Tangaza kuna chakula. Watajaa hadi madirishani.

---

Katibu_wa_Viti_Vitupu aliandika:

Mkuu, tulijaribu muhula uliopita. Walijaa kweli. Wakala, wakaondoka, na sahani mbili hatujaziona hadi leo.

---

Begi_Kama_Nyumba aliandika:

Katibu, pole kwa viti. Ila hilo neno "hawajali" limenichoma, maana hata kama chuo chako si changu, najijua mimi ni mmoja wa wale 74.

Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Napanda basi la kwanza, nabadilisha la pili. Nikisimama njia nzima ni siku ya kawaida. Nikipata kiti nasoma kurasa tatu, ya nne nalalia. Kipindi cha kwanza ni saa mbili hadi saa nne asubuhi. Cha pili ni saa tisa alasiri. Ratiba hiyo aliipanga mtu ambaye nadhani anaamini kwetu ni ng'ambo ya barabara. Saa kumi na moja natoka, saa kumi na mbili na nusu naingia kazini, natoka saa nne usiku. Sasa mdahalo wako wa saa kumi na nusu niuweke wapi? Hapo nipo kwenye kipindi, na kikiisha nipo mbioni.

Lakini sitaki kulia muda tu, kila mtu analia muda. Nataka nikueleze habari ya begi. Ndani yake mna kompyuta, chaja yake yenye lile tofali, koti la maabara, sare ya kazini iliyozungushiwa mfuko ili isishike harufu ya maabara, kontena la chakula, chupa ya maji, mwavuli, na viatu vya kazini. Siku moja nililipima kwenye mizani ya maabara: kilo tisa na nusu. Makabati ya kufungia mizigo chuoni hakuna. Kwa hiyo popote niendapo naenda kama kobe, na nyumba mgongoni. Mwenzangu wa bweni akisikia kuna jambo ukumbini anashuka na ndala, mikono mitupu. Mimi ukiniita ghorofa ya tatu, kabla ya kujiuliza kama mada ni nzuri, najiuliza kama ngazi ni nyingi.

Na lile pengo la saa nne hadi saa tisa, unajua nakaa wapi? Kwenye ngazi za nje za jengo la sayansi, upande wenye kivuli, pana ukuta wa kuegemea. Tunakuwa kama 15 pale kila siku. Tunajuana kwa sura, kwa viatu, hata kwa mlio wa simu. Yupo mmoja kila akimaliza kula hufunga kontena lake kwa mpira wa nywele, na akiusahau wote tunajua leo ana mtihani. Majina hatujui. Ni mwaka wa pili huu.

Hakuna hata siku moja mtu wa klabu yoyote amekuja pale. Bango liko kwenye ubao, sisi tuko kwenye ngazi.

---

Shahada_Kisha_Nyumbani aliandika:

Nitasema lile ambalo wengine wanalizungukazunguka: mimi sitaki.

Nina miaka 31 na mtoto wa darasa la pili. Ni mweka hazina wa kamati ya wazazi shuleni kwake, na wachelewaji wa michango wananijua. Jumamosi nafundisha timu ya wasichana wa mtaani mpira wa pete. Mama yangu anaumwa miguu, dawa zake nazifuatilia mimi. Sasa nikipita getini saa kumi na moja nimeinamisha kichwa, wewe uliye ghorofani unaona mtu asiyejali. Hujui naelekea wapi.

Kijana wa bweni jioni hana kwingine pa kwenda. Akikaa kwenye kimbweta mnamwita mwanaharakati.

Sisemi klabu yako haina maana, ila usihesabu kutokuwepo kwangu kama ugonjwa unaotafutiwa dawa. Chuo nimekijia kwa shughuli moja. Nikimaliza nakwenda.

---

Katibu_wa_Viti_Vitupu aliandika:

Dada, nimekuelewa, ingawa imeniuma kidogo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayenipita mimi katibu wa watu 6 anaweza kuwa kiongozi wa watu wengi kuliko mimi.

@Begi_Kama_Nyumba, na kwetu ngazi zipo. Nyuma ya maktaba. Nawaona kila siku nikipita kwenda kubandika mabango.

---

Mwalimu_Chaki_Mkononi aliandika:

Vijana wangu, nimefundisha miaka 22 kwenye chuo cha kutwa na sasa nimestaafu, kwa hiyo muda ninao, na mtanivumilia nikiandika kirefu.

Niondoe kwanza huu uongo kwamba chuo cha kutwa hakiwezi kuchangamka. City College, chuo cha jiji la New York, katika miaka ya 1930 ilikuwa ya kutwa hasa. Vijana walikuja kwa treni ya chini ya ardhi, jioni wakarudi kulala kwa wazazi wao. Bweni la kwanza la chuo kile limefunguliwa mwaka 2006. Hata hivyo ni vyuo vichache duniani vilivyobishana kama kile. Na mabishano yale hayakuhitaji ukumbi wa kuazimwa. Kwenye bwalo la chakula, kando ya kuta, palikuwa na vijichumba vya wazi vyenye meza na mabenchi, na kila kundi lilijitwalia chake. Namba 1 walikaa wana mrengo wa kushoto waliompinga Stalin, Namba 2 wakomunisti waliomtetea. Irving Kristol, Daniel Bell, Irving Howe na Nathan Glazer, ambao baadaye waliandika vitabu vilivyotikisa siasa za Marekani, wote walinolewa Namba 1. Angalieni jambo moja: hakuna aliyewasihi wabaki hadi jioni. Walibishana saa za kula, kila siku, meza ileile, kisha wakawahi treni.

San Francisco State, chuo cha California, nayo ilikuwa ya watu wanaokwenda na kurudi. Mgomo wa wanafunzi wake ulianza tarehe 6 Novemba 1968 ukafika Machi 1969, na matunda yake yakawa kitivo kizima cha masomo kuhusu Wamarekani weusi, wenyeji wa asili, Walatino na Waasia. Montreal, Kanada, kulikuwa na Sir George Williams, chuo kilichokua kutoka kwenye madarasa ya jioni ya YMCA, kile chama cha vijana wa Kikristo. Huko wanafunzi waliteka kituo cha kompyuta cha ghorofa ya tisa kuanzia tarehe 29 Januari hadi 11 Februari 1969, kwa hasira ya jinsi malalamiko yao ya ubaguzi wa rangi yalivyoshughulikiwa. Siwaambii mkateke kompyuta za watu. Nasema tu kwamba kupanda basi hakumfanyi mtu kuwa baridi.

Kuhusu muda, dada wa hapo juu amesema bila kumsoma Alexander Astin, mtafiti wa elimu ya juu wa Marekani, kile ambacho Astin aliandika mwaka 1984: nguvu na saa za mwanafunzi zina kikomo, na chuo kinazigombania na familia, kazi na marafiki. Na Robert Putnam, msomi wa siasa wa Marekani, alipochunguza jinsi Wamarekani wanavyoachana na vyama vyao, katika kazi yake ya mwaka 2000 alikadiria kwamba kila dakika 10 zinazoongezeka kwenye safari ya kila siku ya kwenda na kurudi kazini hupunguza ushiriki wa mtu katika mambo ya jamii kwa asilimia 10. Begi_Kama_Nyumba apige hesabu ya mabasi yake mawili, kwenda na kurudi, aone kilichobaki.

Lakini hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mwaka 1993 wanasaikolojia Deborah Prentice na Dale Miller walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa chuo cha Princeton, Marekani, na ulevi. Mwanafunzi mmojammoja alikuwa na wasiwasi na unywaji wa pale chuoni, lakini akaamini kwamba wenzake hawana wasiwasi kama yeye. Basi akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ushahidi kwa mwenzake. Walikosea wote kwa pamoja. Kwenye chuo cha kutwa kosa hili linanawiri, kwa sababu kitu mnachoonyeshana kila jioni ni mgongo. Wewe unaiona migongo yao ikielekea getini unasema hawajali. Na wao wanauona wa kwako. Katibu, si umetuambia mwenyewe ulikuwa unatazama saa?

Nami nina dhambi yangu. Pale nilipofundisha palikuwa na vimbweta sita chini ya miti, nyuma ya maktaba. Wasomaji wakalalamikia kelele. Kamati ikakaa, nami nilikuwa mjumbe, na mkono niliunyoosha kukubali. Vikang'olewa, yakapandwa maua, kikawekwa na kibao cha kukataza watu wasikanyage. Muhula uliofuata kamati ileile, watu walewale, ilikutana kujadili kwa nini wanafunzi wamepoa. Tulikaa saa tatu. Hakuna aliyetaja vimbweta. Mimi mwenyewe sikuunganisha, mpaka nimeshastaafu, napita pale siku moja kufuata barua, namwona kijana kakaa chini juu ya begi lake pembeni ya maua, kitabu magotini, anajisogeza asikanyage.

Swali lako la watu 25: acha jioni. Vincent Tinto, naye mtafiti wa elimu ya juu, alipofuatilia chuo kimoja cha jamii cha Seattle, ambacho wanafunzi wake hawalali chuoni, aliandika mwaka 1997 kwamba kwa watu wa namna hiyo darasa ndilo mahali pa kukutana na wenzao na walimu wao, na lisipofanya kazi hiyo hakuna pengine pa kuifanya. Kwa hiyo fuata watu walipo tayari. Mwombe mhadhiri mwenye darasa kubwa akupe dakika za mwisho. Atakunja uso. Mwombe tena.

---

Mpiga_Pasi aliandika:

Mwalimu, shikamoo. Mwanzo nilikuja kutania, sasa nasoma mpaka chini. Vile vimbweta vilirudishwa?

---

Mwalimu_Chaki_Mkononi aliandika:

Marahaba kijana. Havijarudishwa. Maua nayo yalikufa.

---

Mgeni_wa_Pili aliandika:

Nimefikiri siku mbili kama niandike au nipite. Katibu, mimi ni mmoja wa wale wawili wa soketi. Ukumbi ule, viti vile, mada ile, na mlinzi mwenye funguo. Hakuna chuo kingine.

Ni kweli nilikuja kuchaji. Simu ilikuwa na asilimia 4 na tiketi yangu ya basi iko ndani ya simu. Ila alipoanza yule msemaji wa tatu, aliyesema kwamba karatasi ya mahudhurio inapima umbali wa nyumba ya mtu na si bidii yake, nilichomoa chaja nikasogea mpaka safu ya sita. Hukuniona. Sasa najua ulikuwa unatazama wapi.

Nilikuwa na la kusema. Mwaka wa kwanza nilizuiliwa mtihani wa somo moja kwa upungufu wa mahudhurio. Vipindi vilivyonipungukia vilikuwa vitatu, vyote vya saa mbili asubuhi, na vyote ni siku ambazo basi liliharibika njiani. Somo lenyewe nilikuwa nalijua kuliko wengi waliosaini. Nililirudia mwaka mzima, na kuna mambo kuhusu mwaka ule sijamwambia mtu yeyote chuoni kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Siku ile nilinyoosha mkono mara mbili. Mwenyekiti akasema muda umetubana, akawapa wasemaji wenyewe nafasi ya kuhitimisha.

Kisha ukapita na daftari la mahudhurio. Mdahalo wa kupinga mahudhurio, na daftari la mahudhurio! Nilicheka kimoyomoyo. Ulisimama karibu yangu kabisa, hukuniuliza jina. Ukaandika "mgeni 2".

Mlitaka tuhudhurie. Kushiriki hamkutuomba.

---

Katibu_wa_Viti_Vitupu aliandika:

Nimelifungua daftari sasa hivi. "Mgeni 1. Mgeni 2." Mwandiko ni wangu, hata ule mkia wa "g" ninaojivunia.

Samahani sana. Sina la kujitetea, na nikilitafuta nitazidi kuharibu. Msemaji wa tatu nimempelekea ulichoandika. Amejibu kwa neno moja: "Safu ya sita?" Naye hakukuona.

---

Begi_Kama_Nyumba aliandika:

Hii imeniingia. Leo pale kwenye ngazi nimemuuliza jina yule wa mpira wa nywele. Alinitazama kama nimemwomba figo. Akalitaja. Tunasoma kozi moja, makundi tofauti, na ana majibu ya mazoezi ambayo mimi nimeyahangaikia wiki mbili.

---

Katibu_wa_Viti_Vitupu aliandika:

Narudi na ripoti, imepita wiki moja na ushee.

Jumatatu saa sita mchana nilikwenda ngazi za nyuma ya maktaba bila bango. Nilikaa. Dakika 20 za kwanza sikuweza kufungua mdomo, nilijiona kama muuza vitu aliyesahau bidhaa. Mwishowe nikamuuliza jirani yangu kama mahudhurio ya lazima yafutwe au yabaki. Akasema yabaki, bila hayo yeye asingetoka kitandani. Aliyekaa ngazi ya juu yake akavua spika masikioni akasema huo ni ubinafsi. Basi. Walifika kama 11 wanabishana, wengine wamesimama na mabegi mgongoni. Dada mmoja alituambia tumpishe ana jaribio saa nane, naye alikuwa na haki yake, tukashuka ngazi nne. Hakuna aliyehitimisha. Ilipofika saa nane kasoro watu walisimama tu wakaenda madarasani, sentensi zikiwa nusu. Kusema ule ulikuwa mdahalo bora wa mwaka siwezi, maana wawili kati yao hoja zao zilikuwa pumba tupu, lakini jioni nilipopita pale, mmoja alinipungia mkono akaniita kwa jina. Miaka mitatu, na hiyo ni mara ya kwanza kuitwa kwa jina nje ya darasa langu.

Mhadhiri wa darasa kubwa nilimwomba dakika 10. Alikunja uso kama mwalimu alivyotabiri. Nikamwomba tena, akanipa 5, na 2 kati ya hizo nilizimaliza nikihangaika na kipaza sauti.

Mkutano mkuu tumeuhamishia Jumanne saa saba mchana, katikati ya vipindi viwili vinavyofanyika jengo hilohilo, ukumbi namba 4, ghorofa ya chini. Ngazi hakuna, @Begi_Kama_Nyumba, ingawa wewe huko kwenu haikusaidii. Tumeomba ofisi ya chini ituachie chumba kimoja cha kuwekea mabegi kwa saa hiyo. Wamesema watatujibu. Daftari la mahudhurio nimelibakiza kwa sababu akidi lazima ihesabiwe, ila nimelipitia tangu mwanzo wa mwaka na kuwatafuta wageni wote. Walikuwa 9. Nimewapata 5.

Hadi sasa nina majina 17. Nane bado.

---

Shahada_Kisha_Nyumbani aliandika:

Kwetu wangeweka mkutano saa saba mchana, ningekwenda. Dakika 20, na nisichaguliwe kitu.

---

Mpiga_Pasi aliandika:

Dada, ndivyo alivyosema katibu mwaka jana.

---

Mgeni_wa_Pili aliandika:

Andika 18. Jina nitalitaja pale pale mlangoni, ukiuliza.

Nitatoka kwenye kipindi cha saa nne moja kwa moja, simu itakuwa imeisha. Ukumbi namba 4 una soketi?

---

Katibu_wa_Viti_Vitupu aliandika:

Zipo nne, ukuta wa upande wa madirisha. Nimezijaribu zote leo kwa chaja yangu. Ya tatu kutoka mlangoni usiiguse, inapiga shoti. Nitakuwekea kiti kwenye ile ya pili.